Springi za Tochi

Nyokabi alinipigia simu Jumanne nikiwa nachambua mchele, akaniita tata. Mimi si tata yake. Tata ni dada ya baba, na baba yake, Fundi Gichuki, hakuwa na dada wala ndugu. "Tata, wageni wanaleta ruracio Jumamosi," akasema, yaani mahari yake. "Upande wa daddy hakuna mwanamke wa kukaa. Mum amesema ni wewe. Si ile blanketi ya tata lazima iwe na mtu wa kufunikwa?" Nikamwambia sawa, nitakuja, nikaweka simu chini na kuendelea na mchele. Baadaye nikagundua nilikuwa nimeuchambua ule ule mara mbili. Ukiniuliza nilihisi nini, sikuhisi kitu. Watoto wangu hunitania kwamba mimi ni friji, kwamba hata msiba ukija naufungulia mlango, naupangia mahali pake, naufungia. Wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu ni kweli. Lakini sikuzaliwa hivyo. Ulikuwa ni mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika chumba kimoja mjini Nyeri, na sasa nina arobaini na minne na sijawahi kumweleza mtu yeyote ule mwaka kwa mpangilio.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Ukuta wa upande mmoja ulipakana na magunia ya chakula cha kuku, kwa hivyo kila kitu chetu kilinuka omena, wale dagaa wa chakula cha kuku, hata mkate. Dirisha lilikuwa moja na lilitazama ukuta wa jirani. Mlima ukijitokeza asubuhi, watu wa dukani ndio waliotoka nje kuutazama wakaja kutuambia umetoka. Ndani tulikuwa watatu: Fundi Gichuki, mwanamume wa miaka thelathini na minane aliyeanza maisha kwa kutengeneza televisheni, mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni kusomea uchoraji wa ramani za nyumba na sijaona mtu wa kunipa nyumba niichore, na redio, ambayo Fundi aliihesabu kama mtu kwa sababu, alisema, iko na maoni. Miaka ile vijana wa miji yetu walikuwa wamegundua kwamba ukipata kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, na mbao kidogo, unaweza kujijengea kabati la gemu, lile unalosimama mbele yake mkapigana wawili kwenye skrini. Kabati lenyewe halikumshinda mtu. Seremala yeyote angelijenga, na kuna mmoja wa Othaya aliyetumia kabati la nguo la mama yake bila kumwambia. Kilichowashinda ni paneli, ile meza ndogo ya mbele yenye joistiki na batani. Hapo ndipo tulipoingia.

Tuliuza paneli vipande vipande ndani ya katoni: ubao wa plaiwudi uliotobolewa tayari, joistiki mbili, batani kumi na mbili, waya, bodi tuliyoitoa ndani ya kibodi ya zamani, na karatasi niliyoandika kwa mkono kueleza waya gani unaenda wapi. Batani tulitengeneza wenyewe. Juu kifuniko cha chupa, chini swichi ndogo iliyotolewa kwenye kipanya cha kompyuta, ile inayolia tik, na katikati springi ya kalamu. Michoro ilikuwa yangu. Siku za soko nilishuka Karatina na karatasi za manila, nikaomba wauza viazi na wauza mitumba waweke kiganja juu nizungushe penseli. Wengine walidhani ni uganga. Mama mmoja wa karoti aliniachia mkono wake mweusi kwa udongo, akaniambia, "Ukipata hiyo ingine yenye haichokangi, niletee." Kutokana na mikono hiyo nilipata mpango wangu. Batani hazikai kwenye mstari. Zinapinda kidogo, ya kidole kirefu inapanda, ya kidole cha mwisho inashuka, na mkono unatulia pale kana kwamba umelala. Nilijivunia sana ule mpindo. Bado najivunia, na hilo linanikera.

Saa nne tulikunywa chai na ngwaci, viazi vitamu, za kuchemsha. Vikombe vilikuwa vya bati, chai ilitoka moto wa kuchuna ngozi, na mimi nilishika changu kwa mikono ya sweta. Fundi alishika chake kwa kiganja kizima, akakaa nacho akiongea. Nilidhani ni uzee wa kazi, maana mafundi huwa na mikono kama soli. Aliweka sukari vijiko vitatu, akakoroga, akaniambia kwa kicheko, "Daktari alisema niko na sukari. Si basi niko nayo, kwa nini niinyime wenzake?" Nilicheka. Hata sasa naona lilikuwa neno la kuchekesha.

Halafu siku moja nikakuta bakuli la springi nisizozijua, nene, pana chini na nyembamba juu. "Fundi, za kalamu zimeisha?"

"Ziko."

"Na hizi?"

"Za tochi. Hizo za kalamu ni kama kufinya hewa, Wairimu. Mtu atajuaje amefinya?"

"Si atasikia kwa kidole."

Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Zima redio." Akafinya batani ameinamisha kichwa, sikio karibu na ubao, akangoja ile tik. Aliposikia akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, akaenda kwa nyingine. Tangu siku hiyo batani hazikujaribiwa tena redio ikilia, na katoni zote zilitoka na springi za tochi. Haikuchukua muda Mwangi wa ukumbi wa video kule Karatina akaja juu, katoni kwapani. "Hii si batani, hii ni breki ya lori! Watoto wanacheza dakika tano wanaenda nyumbani wakishika vidole!" Fundi akamjibu, "Waambie wakule githeri wapate nguvu." Mwangi akacheka licha ya hasira yake, akarudi na katoni yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechora ule mpindo kwa mikono ya watu sitini na nane, na sasa mkono mmoja ulikuwa unauharibu, na sikuelewa kwa nini mtu mwenye akili kama yake angefanya ujinga wa namna hiyo.

Nilielewa wiki hiyo hiyo. Alikuwa anachomelea waya na nilinusa kitu kikiungua, nikadhani ni omena imeanguka kwenye jiko. Kumbe ni kidole gumba chake. Kile chuma cha moto kilikuwa kimeegemea ngozi, moshi mwembamba unapanda, naye anazungumza habari za bei ya maziwa. "Fundi! Kidole!" Akakiinua, akakitazama bila haraka. "Haiya," akasema, kisha akakifunga kwa utepe wa waya na kuendelea. Sasa nasema wazi kitu nilichojua dakika ile ile, kwa sababu miaka yote nimejifanya nilijua baadaye: mtu huyu alikuwa hahisi vidole vyake. Aliweka springi za tochi ili apate kitu cha kusukumana nacho, na tik ili masikio yafanye kazi ambayo vidole vilikuwa vimeacha. Alikuwa ananidanganya mimi, na wateja, na nafsi yake, kwa plaiwudi.

Habari ya miguu yake niliijua kule Kangari. Ilikuwa majira ya mvua, na tulikuwa tumeenda kufunga paneli katika mkahawa wa mama mmoja karibu na kituo cha kupimia majani ya chai, ambapo wachumaji walingoja lori. Asubuhi hiyo, tukifungasha pale Nyeri, nati moja ya joistiki ilipotea. Tulitafuta chini ya meza, tukalaumiana, nikamwambia hana mpango, akaniambia mimi ndiye nimeimeza, tukaondoka tumenuniana. Kule Kangari akafunga joistiki ya pili kwa waya tu. Wanawake waliotoka shambani, vikapu vikiwa bado mgongoni, walisimama kwenye ile paneli mpya wakacheza vizuri kuliko kijana yeyote niliyewahi kumwona, maana mtu anayechuma chai kwa mikono miwili tangu alfajiri, batani sita kwake ni nini? Tulicheka sana mchana huo. Mama wa mkahawa akatuita jikoni tukaushe miguu, akatupa mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa, na supu. Fundi akavua gambuti la kulia. Nati ikaanguka sakafuni, ting, ikaviringika hadi kwenye kuni. Soksi yake ilikuwa nyekundu kutoka kwenye unyayo mpaka juu ya kisigino.

Alikuwa ametembea juu ya ile nati tangu asubuhi, pamoja na ule mteremko wa matope kutoka barabarani. Mama wa mkahawa alikuwa ametoka nje kuita mtu, hakuona. Fundi aliurudisha ule mguu haraka kwenye kiatu na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Wairimu, usimwambie Mama Nyokabi." Mama Nyokabi ni mke wake. "Huyo atanipeleka hospitali leo, na hospitali wanajua kitu moja tu, kukata. Fundi bila mguu ni nini? Mtoto ako na miaka minne. Nipe mpaka hii maoda iishe."

"Na hicho kidonda?"

"Kidonda ni ya maumivu. Hii hainiumi." Alisema kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia sawa. Darasa la saba niliandika insha juu ya methali, mficha maradhi kifo humuumbua, nikapewa alama thelathini na nane kwa arobaini na mwalimu akaisomea darasa zima. Sijui elimu ni ya nini.

Nilichofanya badala ya kusema ni kuchora. Nilimchorea kishikizo cha mbao ili chuma cha moto kisifikie vidole. Nilipanga upya paneli nzima, nikatumia swichi mbili chini ya kila batani ili ile tik isikike hata redio ikilia. Kila asubuhi nilifika kabla yake, nikachukua gambuti zake za kazi zilizokuwa mlangoni, nikazipindua, nikazigonga ukutani mara mbili, nikazirudisha. Hakuwahi kuniuliza kwa nini zilikuwa hazina vumbi. Nilifanya hivyo miezi minne. Nilikuwa na furaha, hilo ndilo jambo la aibu. Nilidhani nimetatua. Mtu alikuwa anaoza kutoka chini kwenda juu na mimi nilikuwa naboresha kifaa.

Mama Nyokabi aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili, jikoni kwake nje kidogo ya mji, tukiponda mukimo, yeye akiwa na mwiko na mimi nikishika sufuria. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mshonaji wa sweta za shule, na hakunitazama alipouliza. "Wairimu, huyu mzee ako sawa huko kwa kazi?"

"Ako sawa."

"Siku hizi analala na soksi."

"Ni baridi," nikasema. "Si unajua Nyeri."

Akaponda kidogo. "Ni baridi, eeh," akasema. Kutoka sebuleni tulimsikia Fundi akimfundisha Nyokabi kufinya batani moja aliyoileta nyumbani. Mtoto alitumia vidole gumba vyote viwili, akasukuma na bado haikulia, akaanza kulia yeye. Mara ya pili alipita dukani kununua dawa ya kuku, akachungulia mlangoni kwetu Fundi akiwa ametoka. Akauliza maneno yale yale, na mimi nikajibu yale yale. Mara ya tatu alinipigia simu kutoka kwa kibanda, Julai, ule msimu ukungu unakaa mpaka saa sita na mtu haoni ng'ambo ya barabara. "Nakuuliza tu, Wairimu. Ako sawa?" Chumbani kulikuwa na harufu siku hiyo ambayo haikuwa omena. Fundi alikuwa ameketi mbele yangu, mguu juu ya katoni, ananitazama nikiwa na simu sikioni. Alitikisa kichwa taratibu, hapana. "Ako sawa, Mama Nyokabi," nikasema. Upande ule nikasikia anavuta pumzi ndefu, halafu simu ikakatika.

Wiki mbili baadaye hakuja kazini. Walimpeleka hospitali akiwa hajitambui, wakakata mguu juu ya goti, na siku ya tisa akafa. Nilienda mazishini, nikala wali na nyama, nikaomba niongezewe. Nilitazama jeneza likishuka nikawa nafikiria kwamba zile skrubu za pembeni ni fupi mno kwa mbao ya aina ile. Jumatatu nilifungua chumba, nikafungasha katoni kumi na nne zilizokuwa zimeagizwa, zote za springi za tochi, nikaandika karatasi za waya kwa mwandiko mzuri. Nilizima redio na kujaribu kila batani kwa sikio. Hakuna aliyenituma. Nilingoja kulia kuanze, kama mtu anayengoja maji ya mfereji wakati yamekatwa, unafungua na kufunga, unafungua na kufunga. Mwisho nilifunga chumba, nikampelekea Mama Nyokabi ufunguo na mashine zote, nikapata kazi ya kuchora ramani katika ofisi moja, nikaolewa, nikazaa, nikawa friji.

Jumamosi nilifika mapema kwa Mama Nyokabi. Siku hizi anaishi juu ya Karatina, karibu na mashamba ya kahawa. Hema lilikuwa limesimamishwa, sufuria zimepangwa kwenye mawe, wanawake wanachagua njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, na kusutana kuhusu nani alichelewa. Nyokabi alinikumbatia, akinukia manukato. Ana vidole vya baba yake, virefu, na kucha nyekundu. "Tata wangu amekuja!" akawatangazia, na wote wakanisalimia kwa heshima ambayo si yangu. Nikahisi siwezi kufunikwa ile blanketi. Si huzuni iliyonishika, ilikuwa zaidi kama mtu aliyevaa kanzu ya mwenzake kanisani. Nikamwomba Mama Nyokabi tuingie ndani kidogo.

Tulikaa kitandani kwake, katikati ya mifuko ya sukari na leso zilizokunjwa. Amezeeka vizuri, isipokuwa macho, yaliyochoshwa na sindano. Nikamwambia. Sikuzungusha. Nikasema nati, nikasema soksi ya Kangari, nikasema kidole, nikasema ile simu ya Julai na Fundi akitikisa kichwa mbele yangu. "Uliniuliza mara tatu na mara tatu nilikudanganya. Nilijua tangu mvua ya masika. Kama ningesema, angekuwa hai, labda na mguu mmoja. Sifai kukaa hapo nje."

Hakulia. Alichukua leso moja, akaikunjua, akaikunja tena vile vile ilivyokuwa. "Wewe unadhani nilikuwa naulizia nini?" akasema. "Ati mwanamke hajui mguu wa bwanake? Niliona kabla yako. Niliona akilala, soksi ikiwa imeshikana na kidonda. Akaamka akanikuta na taa. Akanishikisha kichwa ya Nyokabi, akaniapisha kwa huyo mtoto: nikisema kwa mtu yeyote, hospitali ama kanisa ama kwa mama yangu, yeye atakufa. Mtoto. Unajua kiapo ya mtoto?"

Najua. Kwetu hata aliyeokoka hakiruki.

"Kwa hivyo nilikuwa nakuuliza wewe. Ungesema tu, 'hapana, hayuko sawa,' ningekuwa nimesikia kwa mdomo ya mtu mwingine. Ningemfunga na kamba nimpeleke siku hiyo hiyo, na kiapo yangu ibaki mzima. Nilikuja kwako mara tatu, Wairimu. Ile ya simu niliombea kwanza." Nje mtu alipiga kelele kwamba magari ya wageni yameonekana chini barabarani. "Halafu akakufa, nikajiambia, huyo msichana hakuona kitu, alikuwa mtoto wa shule, usimwekee kinyongo. Hiyo ndiyo nimekuwa nikishikilia. Kwamba nilijua peke yangu." Akanitazama mara ya kwanza tangu tuingie. "Kumbe tulikuwa wawili."

Nyokabi akagonga mlango, akaimba majina yetu sote wawili, mum na tata, wageni wako langoni na lazima waimbiwe wasiingie bure. Mama Nyokabi akasimama, akajipangusa mapaja kana kwamba kulikuwa na unga. Nilidhani atanipita. Akasema, "Toka. Huyu mtoto hataaibishwa leo, si na mimi, si na wewe."

Wimbo ukaimbwa, lango likafunguliwa, chai ikanywewa. Ilipofika zamu ya wanawake tuliketi mstari wa mbele, mama wa msichana na pembeni yake mimi. Shangazi wa upande wa kijana akaja akicheza na blanketi nzito ya zambarau, akauliza kwa sauti tata ya upande wa baba ni nani, na watu wote wakamgeukia mama wa nyumba, maana ndiye mwenye kujibu. "Ni huyu," akasema Mama Nyokabi. "Alikuwa na bwanangu mpaka mwisho." Wakanifunika. Vigelegele vikapigwa kila upande, Nyokabi akipiga vya juu kuliko wote. Chini ya ile blanketi, mahali ambapo hakuna aliyeona, Mama Nyokabi alinishika mkono akaukamua, mfupa kwa mfupa, kwa nguvu zote za mshonaji. Uliniuma. Uliniuma mpaka machozi yakatoka na wageni wakafurahi, na yeye hakuuachilia.